Kumi na Sita Haitaki Unyevu

Juni 9, Jumapili. Mawingu asubuhi, mvua tangu adhuhuri.

Redio imetangaza kwamba msimu wa mvua umeanza rasmi. Viatu vyangu vilishajua hilo tangu Alhamisi, vimeota kuvu. Nimeosha plamu, nimezipanga kwenye gudulia kwa chumvi na kuweka jiwe juu. Zitakaa humo mpaka mvua iishe, ndipo zianikwe juani. Baba mkwe wangu, Mzee Kakichi, alikaa barazani akinitazama muda wote, mwisho akasema marehemu mkewe alikuwa akitia chumvi zaidi ya hiyo. Nikasema ndiyo, Baba. Sikuongeza chumvi.

Juni 10, Jumatatu. Mvua.

Fundi mkuu Hamamoto alipiga kengele mapema akawakusanya wachomeleaji wote mbele ya dirisha langu. Hufanya hivyo kila mvua zinapoanza. Mimi ndiye mtunza rodi wa chelezo hiki cha kuundia meli. Kila rodi ya kuchomelea inayogusa meli hapa kisiwani imepita kwenye oveni zangu na imetoka mkononi mwangu. Siku kama ya leo kazi yangu ni kuwakumbusha wanaume mambo wanayodhani wanayajua.

Nikawaonyesha pakiti. Herufi ya mbele ni ya umeme. Arobaini na tatu ni nguvu, kwamba mshono ukivutwa utahimili angalau kilo arobaini na tatu kwa kila milimita ya mraba. Tarakimu mbili za mwisho ndizo zenye tabia. Zinaeleza ganda la rodi limepikwa kwa vitu gani, na rodi yenyewe inakubali kazi ya namna gani. Waya wa ndani ni ule ule. Ni ganda linalotofautisha.

"Sifuri moja ni ilmenaiti, ule mchanga mweusi wa ufukweni," nikasema. "Huo ndio wali wetu. Inachomelea mishono iliyolala, iliyosimama na ya juu ya kichwa, na haina makuu. Kumi na tatu ni titania tele. Mshono unang'aa lakini hauingii ndani, ni ya mabati. Kumi na moja ina unga wa miti kwenye ganda. Moshi, cheche, kelele, lakini inachimba."

"Kama mama mkwe wangu," akasema Sugaya, yule anayechana nywele hata akijua atavaa kofia ya chuma.

"Ishirini na saba ina unga wa chuma kwenye ganda. Inajaza haraka, ila haitaki kusimama. Ipe kazi iliyolala."

"Hiyo ni ya Sugaya," akasema mtu nyuma.

"Kumi na sita," nikasema, na nikasubiri wanyamaze. "Ganda la chokaa, haidrojeni kidogo. Hii ni ya chuma kinene, pale meli inapobeba mzigo wake. Inaokwa kwa digrii mia tatu na zaidi, saa nzima. Ikitoka hapa inakaa kwenye kopo la umeme, moto, mpaka dakika unayoitia kwenye koleo. Ikinyonya unyevu, haidrojeni inaingia kwenye chuma. Leo mshono mzuri, kesho kutwa umepasuka kutoka ndani."

"Na wewe Mama Oveni ni namba ngapi?" akauliza Hamamoto.

"Kumi na sita," akajibu Sugaya kabla yangu. "Kavu. Na ukikosea kuiwasha inakunatia."

Wakacheka wote. Hata mimi nilitaka kucheka, ila nilikuwa nimeshika pakiti. Mzee Kakichi, mchomeleaji mzee kuliko wote hapa, ambaye nilidhani amesinzia, akafungua jicho moja. "Wakati wa vita tulipewa rodi zimelowa chapachapa," akasema. "Oveni tungeitoa wapi? Tulizitia kwenye mkanda wa tumbo, tukazilalia kama kuku na mayai. Meli zilielea."

"Hizo zilikuwa sifuri moja, Baba," nikasema.

"Zilielea," akasema, na akafumba jicho.

Nilipofika nyumbani niliwapanga watu kwa namba, kama nifanyavyo nikichoka. Sugaya ni kumi na tatu, uso mtupu. Hamamoto ni ishirini na saba. Baba mkwe ni kumi na moja, moshi na kelele.

Juni 11. Mvua.

Juni 12. Mvua. Dagaa waliolala nje ya kabati wamekuwa laini. Nimewatupa.

Juni 14, Ijumaa. Manyunyu.

Hamamoto amempa Baba mshono wa kishikio cha usukani. Ni pande la chuma la kusubu, nene kuliko paja, linalounganishwa na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ili usukani uning'inie hapo. Meli yenyewe ni feri yetu, itakayovusha watu wa kisiwa hiki kwenda bara na kurudi. Itashushwa majini kwa bamvua la mwezi wa Julai, maji yanapojaa sana. Baba anastaafu kabla ya sikukuu ya wafu ya Agosti, kwa hiyo huu ndio mshono wake wa mwisho, na kila mtu anajua ni heshima amepewa. Tena kuna pembe moja huko nyuma ambayo haifikiki ila kwa mkono wa kushoto na kioo kidogo. Katika chelezo kizima ni yeye peke yake anayeiweza. Mwanawe Isao, marehemu mume wangu, naye aliiweza.

Nimepika wali wa maharage mekundu, kama ipasavyo siku ya heri. Alikula mabakuli mawili akasema maharage yamekuwa magumu. Huyu si kumi na moja tu, ni kumi na moja iliyochacha.

Juni 17, Jumatatu. Mvua ya upepo.

Leo ameanza. Nilimpa rodi za kumi na sita kwenye kopo la umeme, naye akalibeba kama mtu aliyebebeshwa paka wa jirani. Vijana wawili walikuwa wakipasha chuma moto kwa gesi, maana chuma kinene kikichomelewa kikiwa baridi nacho hupasuka.

Juni 19. Mvua. Ukuta wa choo umeota kuvu pia.

Juni 21, Ijumaa. Mvua.

Amemaliza. Nilikwenda kuangalia kwa kisingizio cha kukusanya makopo. Mshono umelala vizuri, kila wimbi juu ya mwenzake, hauna papara. Sikumwambia. Angeniuliza tangu lini mtunza oveni anahukumu mishono.

Juni 24, Jumatatu. Jua kidogo, kisha mvua.

Umepasuka.

Mkaguzi wa meli, Bwana Orita, alipaka ile dawa nyekundu inayopenya kwenye nyufa, akaifuta, akapuliza unga mweupe juu. Tukangoja. Kwa muda ulikuwa mweupe tu. Kisha kandokando ya mshono ukajichora mstari mwekundu mwembamba, halafu wa pili chini yake. Baba alitazama mistari ile muda mrefu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Haidrojeni," akasema Bwana Orita. Ni mtu mpole, anazungumza kama anayeomba radhi. "Rodi zilikuwa na unyevu."

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye chuma, ufa ukiuziba tu umeuficha. Unauchimba wote mpaka uishe, ndipo ujaze upya. Wamekwisha kuanza kuchimba. Makelele yake yanasikika mpaka hapa nyumbani.

Juni 25, Jumanne. Mvua.

Hamamoto alikuja na kipimajoto cha kuazima akakitia kwenye oveni zangu, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa. Alionekana kuudhika, kama mtu aliyekuta mlango haukufungwa baada ya kuuvunja.

"Basi labda ulizioka kwa muda mfupi," akasema.

"Saa nzima."

"Labda pakiti zilikuwa zimelowa kabla."

"Ndiyo maana zinaokwa, fundi mkuu."

Akakaa kwenye sanduku akajifuta shingo. "Sikiliza, Fusae. Orita haruhusu tuchomelee tena mpaka ajue unyevu umetoka wapi. Bamvua la Julai likitupita, feri inangoja mpaka vuli, na wenye meli hawatangoja kimyakimya. Mimi sina neno na wewe. Lakini sababu isipopatikana, sababu utakuwa wewe. Nitakuhamishia jikoni, na chumba hiki nitampa mtu mwingine."

Chumba hiki nilikiingia mwaka uliofuata mazishi ya Isao. Ndipo mahali pekee kisiwani ambapo mtu hanipiti bila kunisalimu. Nimeandika hili ili nilione. Sitaki kwenda jikoni.

Juni 26. Mvua. Sugaya hakutania dirishani.

Juni 27. Mvua.

Juni 28, Ijumaa. Mvua.

Nimemfikiria Baba vibaya leo. Nilimtazama akishika vijiti vya kulia, kama mkono unatetemeka. Hautetemeki. Anachukua punje moja ya wali kwa wakati akitaka. Haongei. Tangu Jumatatu hajasema kitu chochote kuwa kigumu, kibichi au cha chumvi kidogo, na nyumba imekuwa kubwa mno. Nilidhani nikinyimwa kelele zile nitapumzika.

Juni 30, Jumapili. Mvua, imetulia jioni.

Nguo hazikauki. Zilizofuliwa wiki iliyopita zinanuka, kwa hiyo nimezirudia zote.

Mikanda ya tumbo ya Baba iko mitatu, ya pamba nene, mipana kama shubiri mbili. Aliishona mkewe, yaani mama mkwe wangu, kabla sijaolewa humu, naye Baba hataki mingine. Hatoki bila mkanda hata jua la Agosti likiwaka. Wanaume wote wa umri wake hapa wako hivyo. Wanaamini tumbo likipoa mtu hana siku nyingi. Nimeifua mikanda hii miaka kumi na zaidi na sikuwahi kuitazama.

Leo niliukung'uta mmoja kabla ya kuutia majini. Ukadondosha unga kwenye beseni, wa kijivu mweupe, na kipande kidogo kilichopinda kama gamba la yai. Nilikichukua nikakivunja kwa kucha. Hili ganda nalijua gizani. Ni chokaa. Ni kumi na sita.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji.

Nilielewa yote bila mtu kunieleza. Kule tezini ni kufinyu, kopo halipiti pembeni mwake na waya wake unanasa. Kaliacha nje, kachota rodi za kutosha, kazitia tumboni zisipoe, kama alivyofanya ujana wake wote. Naye akavuja jasho, chuma kinapashwa moto, mvua inapiga bati, na ganda la chokaa likanywa. Sifuri moja ingemsamehe, kwani ina unyevu wake yenyewe na ukiikausha kupita kiasi inaharibika. Kumi na sita haisamehi. Alidhani anazitunza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema hili neno mara nyingi juu ya watu wengine.

Nikaufua mkanda, nikauanika juu ya jiko na mingine miwili.

Julai 1. Mvua. Sikusema.

Julai 2. Mvua. Hamamoto kauliza kama nimekumbuka lolote. Nikasema bado.

Julai 3, Jumatano. Mvua.

Nikimwambia Hamamoto, nimemvua nguo baba mkwe wangu mbele ya chelezo kizima, na katika mwezi wake wa mwisho. Nyumba hii ina watu wawili. Baada ya hapo nitakula na nani? Nikinyamaza, naenda jikoni, na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mshono utachomelewa tena na mkono ule ule, na rodi kutoka tumbo lile lile, na safari hii ufa unaweza kungoja mpaka feri iko katikati ya mkondo na watoto wa shule ndani.

Naogopa. Nimekuwa nikijiona mtu asiyeogopa, na kumbe hapakuwa na la kuogopa.

Julai 4, Alhamisi. Mvua nyepesi.

Nilimwambia wakati wa chakula cha asubuhi. Nilingoja amalize mchuzi wa miso, maana mtu asipewe habari mbaya na bakuli la moto mkononi.

"Baba," nikasema. "Kumi na sita haitaki tumbo."

Aliendelea kutafuna. Nilidhani hakusikia.

"Nani kakwambia?"

"Mkanda wako. Mimi ndiye ninayefua."

Akaweka vijiti chini, vikiwa sambamba, polepole. "Nimefanya hivyo tangu wewe hujazaliwa."

"Kwa sifuri moja, Baba. Hiyo haina neno. Hii nyingine inanyonya jasho."

"Zilikuwa na joto. Nilizigusa kila mara. Hazikupoa hata moja."

"Zilikuwa na joto la mtu. Joto la mtu lina maji."

Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye mnyororo unaoteremsha maji ya bati. Kisha akasema, bila kunitazama, "Basi Isao nilimfundisha ubaya."

Sikulitarajia hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Isao alitumia kopo," nikasema.

"Uongo."

"Alilibeba kila siku. Wewe ulimcheka kila siku. Ulimwita mbeba uji."

Alifikiri kwa muda, na nikaona analikumbuka. Hakucheka, lakini kitu kililegea begani. "Mbeba uji," akasema. Akanyanyuka, akachukua mwavuli, akaondoka kabla ya wakati. Yai lake alilibakiza. Sijui kama nimefanya vema.

Julai 5, Ijumaa. Mvua.

Hamamoto aliniita ofisini. Bwana Orita alikuwapo, na Sugaya amesimama mlangoni kofia mkononi, nywele zimevurugika.

"Mzee alinijia jana kabla ya kengele," Hamamoto akasema. "Kainama hapa mpaka paji lilikaribia meza. Kasema kosa ni la tumbo lake, si la oveni, na mshono apewe Sugaya. Mimi sikuelewa tumbo linahusianaje, mpaka akafungua koti akanionyesha." Akajikuna kichwa. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumapili."

"Na hukuniambia."

"Nilimwambia yeye kwanza. Ni baba mkwe wangu."

Akaguna. Kwa mtu wa bara ningehitaji kueleza zaidi. Kisha akamgeukia Sugaya. "Haya, mzigo wako."

"Siuwezi," akasema Sugaya.

"Siku zote unasema unaweza kila kitu."

"Nasema nikilewa sake. Ile pembe ni ya mkono wa kushoto, fundi mkuu. Mimi kushoto nashika kikombe tu. Nikiichomelea mimi, itapasuka bila hata haidrojeni. Mpeni Mzee."

Nilimtazama upya. Nilimweka kwenye kumi na tatu, na mtu wa kumi na tatu hasemi siwezi.

Bwana Orita akakohoa kidogo kuomba ruhusa. Akasema yeye hana pingamizi na Mzee Kakichi, pingamizi lake ni na mkanda. Achomelee yeye, ila rodi zisikae mwilini mwake hata kidogo. Kopo liletwe mpaka huko tezini, na mtu wa chumba cha rodi ampe moja moja, ikiisha ampe nyingine.

"Huko ndani hapatoshi wanaume wawili," akasema Hamamoto.

Wote wakanitazama tena. Safari hii sikuchukia.

Julai 6. Mvua. Nyumbani hatujaongea, lakini amekula yai.

Julai 8, Jumatatu. Mvua kubwa.

Nilifika saa za alfajiri kuoka rodi. Alipokuja dirishani alipanga foleni nyuma ya wengine, jambo ambalo sijaliona tangu nianze kazi hii. Zamu yake ilipofika akainamisha kichwa kama mwanagenzi, akasema, "Naomba kumi na sita." Hakuna aliyecheka. Nikachukua kopo mwenyewe tukaenda.

Mle ndani mtu anaingia kwa ubavu. Chuma kilikuwa kimepashwa moto, hewa nzito, na bati juu yetu lilikuwa likipigwa na mvua kiasi kwamba hatukusikiana. Yeye alilala upande wa kulia, kioo kidogo kimebanwa mbele yake, koleo mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nyuma ya miguu yake na kopo mapajani. Nikavaa kinyago.

Hakuwa na mkanda. Koti lilipopanda niliona mgongo wake, mweupe kama tumbo la samaki, na mstari pale mkanda ulipokaa maisha yake yote. Niliona haya kuutazama.

Rodi ya kwanza aliiwasha nyuma kidogo ya mwanzo, akairudisha, ndivyo kumi na sita inavyotaka, la sivyo inaacha vishimo. Akaishusha karibu kabisa na chuma, na mlio ukawa mdogo, wa sawasawa, kama dagaa wanakaangwa kwa moto wa chini. Nimetoa rodi hizi dirishani miaka yote hii na sikuwahi kukaa karibu na mlio wake mpaka mwisho. Ikiisha, anatupa kipande, anagonga taka ya juu, anapiga brashi, kisha mkono wake unarudi nyuma umefunguka, bila kugeuka. Naweka rodi. Mkono unaondoka.

Mwanzoni nilichelewa, akapapasa hewa. Baadaye nikajua wakati kwa kusikia, nikawa nimeishika tayari kabla mkono haujafika. Tulikwenda hivyo mpaka chakula cha mchana, na baada yake mpaka jioni. Sikuwaza kitu. Mara moja tu alisema, na ilinibidi nisogee kumsikia.

"Isao alikuwa akirudisha mkono hivi hivi?"

"Sijui, Baba. Mimi sikuwahi kuingia naye."

"Mm," akasema, na mkono ukarudi.

Julai 9, Jumanne. Mvua.

Tumemaliza. Usiku kucha alikuwa akienda chooni. "Nilikwambia," akanung'unika asubuhi, "tumbo likipoa."

"Baba, mkanda hauna kosa. Uvae. Ni rodi tu zisiingie."

Akautazama kama mtu aliyerudishiwa mbwa wake. Akauvaa.

Julai 10. Tunangoja. Nyufa za namna hii huchukua siku kujitokeza.

Julai 11. Mvua. Bado. Sugaya kaniletea tikiti dogo, kasema ni la Mzee. Nilipomuuliza kwa nini hakumpa mwenyewe, akasema Mzee atasema halijaiva.

Julai 12, Ijumaa. Mawingu.

Bwana Orita alipaka, akafuta, akapuliza unga. Tulisimama pale chelezo kizima, wengine na nyundo mkononi. Unga ukabaki mweupe. Akangoja zaidi ya inavyotakiwa, nadhani kwa heshima. Akaingiza kichwa mle ndani kwenye ile pembe na taa, akakaa humo. Alipotoka alikuwa na unga puani.

"Safi," akasema.

Hamamoto akampiga Baba begani. Baba akasema unga ule ulipulizwa vibaya upande wa chini, apulize tena. Bwana Orita akapuliza tena. Ukabaki mweupe. Nilirudi kwenye chumba changu, nikafunga mlango na kulia kidogo kati ya oveni, ambako machozi hayachukui muda.

Julai 13. Manyunyu. Maharage mekundu tena. Hakusema ni magumu. Yalikuwa magumu.

Julai 20, Jumamosi. Jua.

Feri imeshushwa. Kasisi wa hekalu alikuja, kamba ikakatwa kwa shoka, na kutoka sitahani wakawarushia watu mikate midogo ya mchele mpaka wazee wakasahau umri wao. Sugaya aliudaka mmoja kwa mkono wa kushoto akanionyesha kwa mbali. Baba hakutazama mikate wala bendera. Alisimama nyuma kabisa akitazama tezi likiingia majini. Rangi nyekundu ilikuwa imefunika kila kitu, huoni mshono wala huoni aliyeufanya. Usukani ukazama, maji yakafunga juu yake. Hapo ndipo alipogeuka tukarudi nyumbani.

Nimempanga upya, naye na wengine, halafu nimeacha. Sina namba inayomtosha.

Julai 22, Jumatatu. Jua kali.

Redio imesema mvua zimekwisha. Leo ni siku ya mapumziko kwa ajili ya feri, kwa hiyo nimezitoa plamu kwenye gudulia na kuzipanga juani kwenye ungo. Baba alipita, akaokota moja, akaila akikunja uso, akasema chumvi imetosha. Nikasema ndiyo, Baba.

Nilipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua nguo za kufua nilikuta mkanda mmoja wa tumbo haupo kapuni. Ulikuwa kwenye kamba, umeanikwa kombo, umebanwa kwa kibanio kimoja. Chini yake beseni langu, na sabuni imeachwa majini inayeyuka. Katika nyumba hii hakuna mwanamume aliyewahi kufua kitu. Niliukung'uta kwa mazoea. Hakukudondoka unga, ni maji tu. Haukukamuliwa vizuri, unachuruzika mpaka sasa. Nimeuacha hivyo hivyo. Jua lipo.